userId au user_id? Jibu kwa timu iliyokwama kwenye majina ya API

Swali la msomaji: Sisi ni wasanidi programu wanne. Kwa mwaka mzima tumekuwa na API (mlango ambao programu nyingine hupitia kuagiza kazi) ya mfumo wa kuhifadhi nafasi za vyumba vya mikutano, na hadi sasa inatumiwa na programu zetu wenyewe tu. Miezi miwili ijayo tunaifungua kwa timu za nje, na tumekwama kwenye majina. Mmoja wetu anataka `userId`, mwingine `user_id`. Kuna anwani ya `/booking` na kuna ya `/rooms`. Tuna `getRoom`, `fetchBooking` na `retrieveInvoice`, zote zikifanya kazi ya aina moja. Mwenzetu mmoja anapendekeza majina yote yawe ya Kiswahili. Je, kuna kanuni inayokubalika duniani kote? Na majina mabaya tuliyokwisha kuyazoea tuyabadilishe au tuyaache?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lile unalolisubiri: kanuni moja inayofuatwa duniani kote haipo, na kwa `userId` dhidi ya `user_id` sitarajii kwamba itakuwapo. Lakini umeuliza mambo kadhaa kwa pumzi moja, na mnalolibishania zaidi ndilo jepesi kuliko yote. Zito ni lile la mwisho, la majina mabaya mliyokwisha kuyazoea. Nianze na hilo, kwa sababu muda wenu unayoyoma.

Jina lililo ndani ya msimbo wenu ni lenu. Mkilichoka leo jioni mnalibadilisha, mnaendesha majaribio, na kesho hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwapo. Likishatoka nje si lenu tena. Linakaa ndani ya programu msizoziona, zilizoandikwa na watu msiowajua, na baadhi ya watu hao watakuwa wamekwisha kuacha kazi bila kumwachia mtu mwingine ufunguo. Chukua heda (mstari wa maelezo unaoandamana na ombi) ya HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti, iitwayo `Referer`, ambayo kivinjari huitumia kuiambia seva kwamba msomaji ametokea ukurasa gani. Tahajia sahihi ya neno hilo la Kiingereza ina r mbili katikati. Kosa liliingia kwenye pendekezo la mwanzo, likapita hadi kwenye RFC 1945 (RFC ni hati za kanuni za mtandao) ya mwaka 1996, na baada ya hapo halikurekebishika, maana seva na vivinjari vilikuwa vimekwisha kulizoea. Heda iliyobuniwa baadaye kudhibiti jambo hilohilo, `Referrer-Policy`, imeandikwa kwa usahihi, kwa hiyo msanidi wa leo anabeba kichwani tahajia mbili za neno moja.

JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, nayo ilikutana na jambo hili mwaka 2018. Wasimamizi wa lugha walitaka kuongeza methodi, yaani kazi yenye jina ambayo msimbo huiita, ya kukunjua orodha zilizomo ndani ya orodha, na jina lililopendekezwa lilikuwa `flatten`. Ikagundulika kwamba MooTools, maktaba ya zamani ambayo tovuti kadhaa bado ziliitegemea, ilikuwa imejiwekea `flatten` yake, na kuliingiza jina hilo kwenye lugha kungezivunja tovuti hizo. Jina la mwisho likawa `flat`. Kabla ya hapo, maktaba hiyohiyo ilisababisha methodi iliyokusudiwa kuitwa `contains` iitwe `includes`. Maktaba iliyokuwa imepitwa na wakati bado ilikuwa na sauti juu ya lugha nzima, kwa sababu tu majina yake yalikuwa yametangulia kutoka nje.

Kwa hiyo badilisheni sasa, na badilisheni yote yanayowakera. Leo wanaoumia ni ninyi wanne, na mtaumia kwa siku chache tu.

Sasa tuingie kwenye jina lenyewe. Anayeita API yenu haoni ndani. Kwake jina ndilo maelezo, ndilo mkataba, ndilo na onyo. Nyaraka atazifungua siku mambo yakimharibikia. Hili nililijua kwa uchungu. Timu niliyofanya nayo kazi zamani ilikuwa na fanksheni iitwayo `getCustomer`. Ilimtafuta mteja kwa namba yake, na asipopatikana ilimsajili papo hapo. Aliyeiandika alikuwa na sababu nzuri: ukurasa wa malipo ulihitaji mteja awepo daima. Baadaye nikaandika kazi ya usiku ya kukagua namba zilizoingizwa kimakosa, nikaiita `getCustomer` kwa kila namba ili nijue ipi haina mwenyewe. Hakuna iliyokosa mwenyewe. Asubuhi hifadhidata ilikuwa na maelfu ya wateja ambao hawakuwahi kuwapo, na ripoti zilikuwa zimekwisha kutumwa. Tulihangaika wiki nzima kuwaondoa bila kuwagusa wateja halisi. Nilipoisoma `getCustomer` mstari kwa mstari, sikukuta ndani yake kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye jina. Ingeitwa `getOrCreateCustomer` nisingeigusa usiku ule.

Lugha kubwa nazo zina majina ya namna hii. Java ina `isInterrupted`, inayouliza kama uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) umeombwa kukatiza kazi yake, na ina `interrupted`, inayouliza swali hilohilo kisha ikaifuta alama yenyewe. Majina yanafanana kama mapacha, ilhali moja linatazama tu na jingine linabadilisha hali. Katika C kuna `strncpy`, ambayo wengi huidhani ni `strcpy` iliyowekewa kinga. Sivyo: maandishi yakijaza nafasi yote uliyoitenga, haiweki alama ya mwisho wa stringi (mfuatano wa herufi), na atakayesoma baadaye ataendelea kusoma kumbukumbu isiyo yake.

Mfano unaonisikitisha kuliko yote ni wa tarehe. JavaScript ilipoundwa mwaka 1995 ilinakili muundo wa tarehe wa Java, pamoja na majina yake. `getDay` hurudisha siku ya wiki, `getDate` ndiyo inayorudisha siku ya mwezi, na `getYear` hurudisha mwaka uliotolewa 1900. Miaka ya tisini ilipita salama kwa sababu 98 ilionekana kama mwaka. Januari 2000 ilipofika, tovuti zilizokuwa zikibandika 19 mbele ya jibu zikaandika kwamba mwaka ni 19100. Java ilikuwa imekwisha kuitangaza `getYear` kuwa ya kuachwa tangu mwaka 1997, na JavaScript ikaongeza `getFullYear`. Lakini ile ya zamani bado ipo katika zote mbili hadi leo, nayo bado inatoa jibu lisilolingana na jina lake.

Upande wa pili kuna majina yaliyotungwa kwa uangalifu ninaouheshimu sana. React, maktaba ya kujengea kurasa za wavuti, ina `dangerouslySetInnerHTML`, inayoingiza HTML ghafi kwenye ukurasa na hivyo kumfungulia mlango anayetaka kupenyeza msimbo wake. Jina ni refu, linachosha kuandika, na lenyewe linasema kwamba hapa pana hatari. Mkaguzi wa msimbo akilikuta hawezi kulipita bila kusimama. Lugha ya Rust nayo ina utaratibu wa viambishi kwa kazi za kubadilisha aina ya thamani: `as_` inaahidi kwamba ubadilishaji haugharimu kitu, `to_` inakuonya kwamba kuna kazi ya kufanywa, na `into_` inakuambia kwamba thamani ya awali itachukuliwa moja kwa moja. Msomaji anajua gharama kabla ya kufungua ukurasa wowote wa nyaraka.

Lugha ya Swift, tangu toleo la 3 la mwaka 2016, imetumia sarufi yenyewe kubeba maana. `sort` ni amri, nayo huipanga orodha uliyonayo mkononi. `sorted` ni sifa ya kitu kilichokwisha kutendwa, nayo hukupa orodha mpya na kuiacha ya zamani ilivyo. Sisi tunaotumia lugha ya viambishi awali na viambishi tamati tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengi, kwa maana ndiyo tofauti iliyopo kati ya panga na iliyopangwa. Linganisha na `BigDecimal` ya Java, aina yake ya namba za desimali. Ukiandika `jumla.add(bei)` unategemea jumla iongezeke, kwa sababu neno linaamuru kuongeza. Haiongezeki. Jibu linarudishwa kama thamani mpya, na usipolipokea linapotea kimya kimya.

API yenu ni ya HTTP, kwa hiyo sehemu ya jina ni ile methodi ya ombi, yaani neno kama GET au POST linalotangulia anwani. RFC 9110 ya mwaka 2022, ambayo ndiyo inayoeleza maana ya HTTP kwa sasa, inasema GET ni ombi salama: anayelituma haombi chochote kibadilike. Mkiwa na `GET /bookings/42/cancel` mmerudia kosa la `getCustomer` kwa sura nyingine. Zipo programu zinazofungua viungo kabla mtumiaji hajavibofya, zipo zinazopita kila kiungo kwa ajili ya injini za utafutaji, na zote zina haki ya kuamini kwamba GET haiharibu kitu. Tumieni `POST /bookings/42/cancel`. Wapo watakaowaambia kwamba kitenzi kwenye anwani ni dhambi na kwamba lazima mtunge nomino kama `cancellations`. Mimi sioni sababu ya kupindisha lugha kiasi hicho. Kufuta nafasi kuna masharti yake, kuna ada yake, kuna taarifa zinazotumwa. Ni tendo, na kuliita tendo ni kusema kweli.

Nikiruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye API yenu kabla haijafunguliwa, nitakwenda moja kwa moja kwenye fildi (sehemu zenye jina ndani ya data) za namba. Naweza kukisia kwamba mna fildi iitwayo `duration` yenye thamani kama 30. Thelathini nini? Ninyi mnajua ni dakika. Wa nje hajui, na mazoea yake yatamdanganya, maana kwenye Unix fanksheni ya `sleep` hupokea sekunde, kwenye Windows `Sleep` hupokea milisekunde, `time.sleep` ya Python ni sekunde, `Thread.sleep` ya Java ni milisekunde. Kati ya mbili za kwanza, herufi kubwa moja ndiyo inayotenganisha nusu dakika na kufumba na kufumbua. Andikeni `duration_minutes`. Ni refu, ndiyo, na hakuna atakayewaandikia kuuliza.

Gharama ya kipimo kisichotajwa inajulikana vizuri. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya upande mmoja ilikuwa ikiandika msukumo kwa kipimo cha pauni-sekunde, na ya upande wa pili ikisoma namba zilezile kana kwamba ni nyutoni-sekunde. Kipimo kimoja ni karibu mara 4.45 ya kingine. Kila upande ulikokotoa sawasawa kwa kipimo chake; namba zilivuka mpaka kati ya programu mbili bila kubeba kipimo chao. Kutaja kipimo kwenye nyaraka peke yake hakukutosha pale, kwani kipimo kinachotakiwa kilikuwa kimeandikwa. Kipimo kinafaa kisafiri pamoja na namba, na jina la fildi ndilo linalosafiri nayo kila inakokwenda.

Fedha ina mtego wake. Fildi ya `amount` peke yake haitoshi, na hata `amount` pamoja na `currency` haitoshi kama hamjasema mnahesabu kwa sarafu kuu au kwa sehemu zake ndogo. Wala msidhani kila sarafu hugawanyika kwa mia: kwa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, yeni ya Japani haina sehemu ndogo kabisa, na dinari ya Kuwait ina tarakimu tatu baada ya nukta. `amount_minor` ikiwa namba kamili, pamoja na `currency` yenye herufi tatu, inatosha na inaeleweka.

Kwa wakati, chagueni viambishi tamati viwili na msivichanganye: `_at` kwa nukta ya wakati, kama `starts_at` na `cancelled_at`, na `_date` kwa tarehe isiyo na saa. Thamani ziandikwe kwa mtindo wa RFC 3339, zikiwa na tofauti ya saa kutoka wakati wa dunia. OAuth 2.0, utaratibu wa kuziidhinisha programu, ina `expires_in`, ambayo ni idadi ya sekunde zilizobaki; ninyi mkihitaji kitu cha namna hiyo kiiteni `expires_in_seconds`, na kama ni wakati wenyewe wa kuisha, `expires_at`. Herufi mbili zinabeba tofauti kubwa, kwa hiyo zitumieni kwa nidhamu.

Fildi za ndiyo au hapana ziulize jambo kwa uyakinifu. `not_cancelled` ikiwa si kweli inamlazimu msomaji kukanusha kanusho, na usiku wa manane, mfumo ukiwa umeanguka, atakosea. Na mkijikuta na `is_pending`, `is_confirmed` na `is_cancelled` kwa pamoja kwenye nafasi moja, hapo mna `status` moja iliyovunjwa vipande vitatu, na siku moja mbili zitakuwa kweli kwa wakati mmoja.

Sasa `getRoom`, `fetchBooking` na `retrieveInvoice`. Hili ndilo ambalo lingenifanya nisilale kama API ingekuwa yangu. Katika hadithi au shairi visawe ni utajiri. Katika API, msomaji akiona maneno matatu anadhani kuna mambo matatu. Atajiuliza kama `fetch` inakwenda kwenye mtandao na `get` inasoma kumbukumbu ya karibu, kwa kuwa maktaba nyingi hutenganisha maneno hayo hivyo. Atatafuta tofauti ambayo haipo, na asipoipata ataamini ameikosa. Chagueni `get` kwa kitu kimoja, `list` kwa vingi, `create`, `update`, `delete`, mkaishie hapo. Hayo matano ndiyo Google inayoyatumia kama methodi za kawaida kwenye mwongozo wake wa API, na hamna sababu ya kubuni yenu.

Lugha ya PHP ni somo la kinachotokea majina yakiongezeka bila kamusi. `strpos` hupokea kwanza maandishi ya kutafutwa ndani yake, kisha kinachotafutwa. `in_array` hugeuza mpangilio huo. Kuna `str_replace` yenye kistari na `strlen` isiyo nacho. Sehemu ya historia yake inaeleweka: mwanzilishi wake, Rasmus Lerdorf, aliwahi kueleza kwamba katika siku za mwanzo kabisa fanksheni zilitafutwa kwa urefu wa jina, kwa hiyo majina yenye urefu tofauti yalisaidia kuzisambaza. Sababu hiyo ilikwisha kitambo. Majina yamebaki.

Tengenezeni kamusi ya mradi, ukurasa mmoja tu. Ni `booking` au `reservation`? `room` au `space`? Mtu anayehifadhi nafasi ni `user`, `member` au `organizer`? Kila dhana ipate neno moja, na kila neno dhana moja. Msijiulize neno lipi ni zuri zaidi; jiulizeni wale wanaohifadhi vyumba kila siku wanasemaje. Wakisema `booking`, basi neno mmekwisha kupewa. Na maneno ya kinyume yaende kwa jozi zake: `start` na `stop`, `open` na `close`, `add` na `remove`. Aliyekutana na `open` asilazimike kukisia kwamba mwenzake ni `terminate`.

Hilo la Kiswahili nalijibu kwa heshima, kwa sababu mwenzenu ana hoja. Msimbo wa Kiswahili hauna kasoro ya kiufundi, na kwa timu inayojifunza una faida ya kweli. Lakini jiulizeni nani atakayeita. Maneno kama `status`, `limit` na `id` yatabaki humo kwa hali yoyote, maktaba mnazozitegemea zitaleta `get` na `list`, na matokeo yake ni `getChumba` na `listNafasi`, mchanganyiko unaomlazimu msomaji kukumbuka kila jina liko katika lugha ipi. Kama wa nje wote wanazungumza Kiswahili na mko tayari kwenda nacho hadi mwisho, nendeni. Msipokuwa tayari, kaeni na Kiingereza cha kawaida. Dhana ambayo Kiswahili kina neno lake mahususi na Kiingereza kinaizunguka, hiyo ibaki na neno lake la Kiswahili bila kutafsiriwa. Tafsiri ya kulazimisha hupoteza maana.

Umoja au wingi: wingi. `/rooms`, `/bookings`, `/bookings/42`. Mkusanyiko ni wa vitu vingi, na cha 42 ni kimojawapo.

Tumefika kwenye herufi. RFC 8259, inayoeleza JSON (muundo wa kuandikia data zinazotumwa), haina neno lolote kuhusu mtindo wa majina. GitHub na Stripe hutumia kistari cha chini (`user_id`) kwenye JSON zao, Kubernetes hutumia nundu za ngamia (`userId`), na kila mmoja anahudumia wasanidi wengi bila tatizo. Tafiti nazo hazikubaliani: ule wa Dave Binkley na wenzake wa mwaka 2009 ulikuta kwamba mtindo wa ngamia huongeza usahihi wa wasomaji, na ule wa Bonita Sharif na Jonathan Maletic wa mwaka 2010, uliofuatilia macho yao, ulikuta kwamba kistari cha chini hutambulika haraka zaidi. Hesabuni fildi mlizonazo, mtindo ulio mwingi ushinde, kisha mweke programu ya kukagua inayokataa mwingine kabla msimbo haujaunganishwa. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na ubishi hautarudi. Mifano yangu yote ina kistari cha chini kwa mazoea yangu tu.

Mna mipaka michache ambako uchaguzi umekwisha kufanywa. Katika anwani, njia hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwa mujibu wa RFC 3986, kwa hiyo tumieni herufi ndogo tupu, na maneno yatenganishwe kwa kistari cha kawaida, `/meeting-rooms`. Majina ya heda hayatofautishi ukubwa wa herufi. Maktaba mtakazotoa kwa lugha mbalimbali zifuate mwenyeji: Python ina PEP 8, mwongozo wake wa mtindo, na katika lugha ya Go herufi kubwa ya mwanzo si urembo, ndiyo inayoamua jina lionekane nje ya kifurushi au lisionekane. Kwa vifupisho, vichukulieni kama maneno ya kawaida pale ambapo lugha haijaamua vingine. `XMLHttpRequest` ina XML kwa herufi kubwa zote na Http kwa moja tu, ndani ya jina moja, na hata leo naliangalia mara mbili kabla ya kuliandika.

Namna ya kufanya kazi hii, nawashauri hivi. Msikae kuyajadili majina yakiwa kwenye orodha. Andikeni kwanza programu ndogo ya upande wa anayeita, kana kwamba API imekwisha kukamilika: tafuta chumba, hifadhi nafasi, ahirisha, futa, soma ankara. Jina baya hujificha kwenye orodha, lakini ndani ya sentensi ya msimbo halifichiki. Kisha mtafuteni msanidi asiye wa timu yenu, mwonyesheni msimbo huo bila nyaraka, na mwombeni aeleze kila mstari unafanya nini. Msimsahihishe. Kila anapokisia vibaya, andikeni jina, na mlibadilishe hata kama ninyi wanne mnalipenda.

Kabla ya kufungua, pitieni pia majina ya muda: `new_`, `temp_`, `beta_`. Kwa miaka mingi heda za majaribio zilipewa kiambishi `X-`, kwa wazo kwamba kingeondolewa zikikubalika. Zikishakubalika hakuna aliyeweza kukiondoa, na mwaka 2012 RFC 6648 ikawaambia watu waache desturi hiyo. Hadi leo kanuni za HTTP zinashauri `x-gzip`, jina la zamani la mbinu ya kubana data, ichukuliwe kuwa sawa na `gzip`. Kitu kikistahili kutoka nje, kitoke na jina lake la kudumu.

Na mkishafungua, mtagundua jina mlilolikosea. Litakuwapo moja au mawili. Hapo msilibadilishe, ongezeni jipya kando ya la zamani. Majibu yabebe yote mawili, maombi yapokee lolote kati ya hayo, na mtu akileta yote mawili yenye thamani tofauti, mkataeni kwa ujumbe unaoeleweka kuliko kukisia alimaanisha lipi. Tangazeni kwenye nyaraka, na tumieni heda ya `Sunset` iliyowekwa na RFC 8594 ya mwaka 2019 kutaja siku ambayo anwani ya zamani itazimwa. Msiwe na haraka: Python iliwaonya watu kwa miaka mingi kuhusu `assertEquals`, jina la pili la `assertEqual`, na ilikuja kuliondoa kwenye toleo la 3.12 la mwaka 2023. Kumbukumbu za seva zikionyesha kwamba bado kuna anayeita jina la zamani, mtambueni kwa ufunguo wake wa API, mwandikieni moja kwa moja, na mpeni muda wa kuhama.